Pampu si Mpira

Kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu, juu ya mashine ya maji ya kunywa, palibandikwa karatasi yenye maneno mawili tu kwa herufi kubwa: KISICHOANDIKWA HAKIKUFANYIKA.

Hiyo ndiyo dini ya waandika namba. Daktari wa ganzi huko Marekani anamchoma mgonjwa sindano, anaandika alichofanya, faili linaruka bahari kwa kompyuta mpaka mji wa Tiruchirappalli, upande wa pili wa dunia, na hapo vijana mia mbili wanayageuza maneno yake kuwa namba ili bima ijue inalipia nini. Sindano moja ya ganzi ina namba yake. Ganzi inayotiririka kwa mpira mwembamba ulioachwa mwilini ina namba nyingine. Ganzi ya kutuliza maumivu baada ya upasuaji haipewi namba ya peke yake mpaka iwe imeombwa na daktari mpasuaji, na ombi lenyewe liwe limeandikwa. Daktari akitenda miujiza akasahau kuiandika, basi hakutenda kitu, na asimlaumu mtu.

Sivakami alikuwa na miaka arobaini na sita, na miongoni mwa vijana wale alionekana kama mama aliyekuja shule kuulizia ripoti ya mwanawe. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, mpaka siku alipomwinua mgonjwa wa kilo tisini na uti wa mgongo wake ukagoma. Tangu hapo hakuweza kusimama zaidi ya nusu saa. Hospitali ilimpa shada la maua na barua ya shukrani. Nyumbani mumewe Rajamanickam alikuwa na cherehani moja na wateja watatu, mmoja wao shemeji yake, halipi. Kwa hiyo Sivakami alisomea namba za ganzi miezi minne, akapata kazi ya majaribio ya miezi sita, na sasa zilibaki siku kumi athibitishwe.

Athibitishwe au arudishwe nyumbani, hakuna katikati. Mkaguzi alichomoa mafaili machache kila wiki na kuyapa alama. Chini ya tisini na tano huthibitishwi. Sivakami alikuwa na tisini na sita na nukta mbili, na alizilinda kama mtu anayebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni. Lakini pia kulikuwa na kitu walichokiita kosa kuu. Ukifanya moja tu, alama zako za mwezi mzima zinakuwa sifuri, uwe umefanya vizuri ama hukufanya.

Asubuhi ya Jumanne, saa nne na kitu, alifungua faili la kumi na nne.

Mgonjwa alikuwa bibi wa miaka sabini na moja katika mji mmoja wa Ohio, bega la kulia limebadilishwa na kutiwa la bandia. Daktari wa ganzi alimtia mpira ubavuni mwa shingo, upande wa kulia, kwa ombi la mpasuaji, kwa ajili ya maumivu ya baadaye. Ombi limeandikwa, upande umeandikwa. Safi. Siku ya pili daktari alimtembelea: mpira upo, ngozi safi, maumivu kidogo. Jioni ya siku hiyo muuguzi aliandika: pampu imetolewa, mgonjwa yuko tayari. Wakamhamishia nyumba ya kutunzia wazee akafanye mazoezi.

Namba zilikuwa wazi. Kazi ya dakika mbili. Sivakami alikwisha weka kidole kwenye kitufe cha kufunga faili, kikasita hapo hapo.

Alirudi juu akasoma tena. Akashuka. Akasoma maelezo ya wauguzi, maelezo ya mazoezi, mpaka orodha ya vyakula. Pampu imetolewa. Mpira je?

"Yazhini," alimwita binti wa dawati la kando, "hebu nisomee hapa. Macho yangu huenda yamezeeka."

Yazhini alikuwa na miaka ishirini na miwili, anaandika kwa vidole kumi bila kutazama, na mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko vidole. Alijivuta na kiti chake mpaka pale. "Mama, si hii hapa? Pampu imetolewa. Funga twende. Utakaa na bibi huyo mpaka mumalizane?"

"Pampu ni chupa ya dawa. Mpira ndio ulio ndani ya mwili. Unaweza ukatoa pampu, ukauziba mpira kwa kifuniko, ukaufunika na plasta. Ni vitu viwili."

"Sasa nani atoe pampu aache mpira?"

Jibu Sivakami alikuwa nalo. Nani? Yeye. Miaka minane iliyopita alimtoa pampu mzee Kathaperumal aliyevunjika paja, akawa anafungua plasta ili avute mpira, mara mtoto wa kitanda cha jirani akaanza kutapika na kukakamaa. Alikimbilia mtoto. Mtoto alipona. Kesho yake Sivakami alianza likizo, na aliporudi siku ya tano alikuta paja la mzee limevimba na linatoa usaha, mpira wake ungali humo. Mzee alilala wodini mwezi mzima zaidi. Muuguzi mkuu alisema, tusiliandike hili, na kweli hawakuliandika. Kwa hiyo kwa imani ya karatasi ya ukutani halikufanyika. Lakini Sivakami aliijua harufu ya usaha ule hata leo, na aibu yake haikuwahi kumtoka.

Alihesabu kwa vidole. Bibi wa Ohio alitiwa mpira Jumatano iliyopita. Leo Jumanne. Siku ya saba.

Aliinuka, mkono kiunoni, akamwendea kiongozi wa kundi. Dinakaran alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye tai aliyofungiwa na mama yake, na aliogopa barua pepe kuliko nyoka.

"Mdogo wangu, nina swali kwa daktari."

"Liandike kwenye orodha ya maswali, dada."

"Orodha inajibiwa lini?"

"Siku kumi za kazi. Wakiwahi."

"Hapana. Hili ni la leo. Nataka kutia haraka."

Dinakaran aliacha kunywa kahawa. Haraka kilikuwa kitufe chekundu pembeni mwa skrini. Kiliwekwa kwa ajili ya dai ambalo likikosa kupelekwa ndani ya siku mbili bima hailipi tena, na kwa hilo peke yake. Ukikibonyeza, simu ya meneja wa malipo huko Ohio inalia, awe macho, awe amelala, awe kanisani. Mwaka uliopita kijana mmoja alikibonyeza kwa kuteleza, akapewa kosa kuu, na wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

"Dada Sivakami, huko saa hizi ni saa nane kasorobo za usiku."

"Najua."

"Na dai hili lina siku themanini bado."

"Najua, mdogo wangu."

Akamweleza yote, pampu na mpira, mpaka Dinakaran mwenyewe akaanza kujishika shingo. Kisha akatikisa kichwa. "Dada, sisi si madaktari. Sisi tunasoma tu. Labda aliutoa, akasahau kuandika. Madaktari kazi yao kusahau, ndiyo maana sisi tuna kazi."

"Labda."

"Basi! Siku kumi tu zimebaki uthibitishwe. Usijitie kitanzi kwa ajili ya labda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi limeshavunjika la mgongo," alisema Sivakami, na vijana wa karibu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Alirudi kwenye kiti. Aliogopa, hilo tuseme wazi. Alimwona Rajamanickam akipindisha suruali ya shemeji bila malipo. Alijiona akienda kuomba kazi kwenye maduka ya dawa, akiulizwa kama anaweza kusimama saa nane, na akisema uongo. Kisha akamwona bibi asiyemjua, amekaa kando ya dirisha katika mji asioujua, anajikuna shingoni na kudhani ni plasta tu.

Alibofya faili. Alichagua chekundu. Pale penye nafasi ya maelezo akaandika kwa vidole viwili, polepole: *Pampu imeandikwa kutolewa. Mpira haujaandikwa kutolewa. Leo siku ya saba. Tafadhali mtu amtazame mgonjwa shingoni, upande wa kulia.*

"Mama, usi..." Yazhini alianza.

Liwalo na liwe. Akabonyeza.

Ohio haikuchelewa. Baada ya dakika kumi na tano barua pepe ilimfikia Dinakaran, na Dinakaran akageuka rangi ya majivu. Iliandikwa na meneja mwenyewe, Bi Lorna Haskett. Alisema ameamshwa usiku wa manane kwa dai lisilo na haraka yoyote, kwamba yeye si daktari wala hamjui mgonjwa huyo, na kwamba anataka kujua kampuni inawafundisha nini watu wake. Nakala ilikwenda kwa wakubwa watatu.

"Kwisha," alisema Dinakaran, na akakaa chini bila kutazama kama kiti kipo. Bahati njema kilikuwepo.

Saa sita kasorobo Sivakami aliitwa kwa mkaguzi.

Mkaguzi Arokiasamy hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa nukta. Alitafuna karafuu kutwa, alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyepata kumsikia akisema "takriban". Alimwonyesha kiti. Alijua habari ya mgongo wake, na alimsubiri mpaka akakaa sawa.

"Wewe ndiye uliyetia haraka?"

"Ndiyo, mkuu."

"Haraka ni ya nini?"

"Ya dai linalotaka kuchelewa."

"Hili linachelewa?"

"Dai halichelewi, mkuu. Mgonjwa ndiye anayechelewa."

Arokiasamy aliacha kutafuna. "Una hakika mpira umo shingoni?"

"Sina."

"Huna."

"Sina, mkuu. Lakini ninyi mmebandika ukutani, kisichoandikwa hakikufanyika. Mmenifundisha hivyo miezi sita, kila asubuhi, mpaka naota. Basi, kuutoa mpira hakukuandikwa. Kama mnaiamini karatasi yenu, mpira umo. Kama hamuiamini, ibandueni!"

Sauti ilimpanda bila kutaka. Nje ya kioo vijana walijifanya wanachota maji.

"Hoja yako nzuri," alisema mkaguzi. "Lakini kosa lako ni lako. Mteja amelalamika kwa maandishi, na mteja akilalamika juu ya haraka, kanuni inasema kosa kuu. Sikuitunga mimi." Akaandika mbele ya macho yake, tarehe, saa, namba ya faili, namba ya kazi ya Sivakami, mia nne kumi na saba. "Siwezi kuficha. Nikificha la leo, la kesho mtanunua kwa sambusa."

"Nimeelewa, mkuu."

Alielewa, na bado iliuma. Alikwenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia kilio kifupi cha hasira. Hakulia kwa kujuta. Alilia kwa sababu alikuwa ameipenda kazi ile, kazi ya kukaa, na kwa sababu hakujua amwambie nini mumewe. Kisha akanawa uso akarudi kuandika namba, maana mafaili ya mchana yalikuwa hayajui lolote.

Wakati wa chakula Yazhini alimsogezea kopo la wali wa mtindi na achari ya limau bila kuulizwa.

"Kula, Mama. Umekuwa mweupe kama karatasi."

"Sina njaa."

"Na mimi sikukuuliza njaa. Nimekuambia kula." Akamtazama anavyotafuna. "Ila wewe una moyo. Mimi nisingethubutu. Mimi hata kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja siwezi."

"Mwambie. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Haya bwana, kaanza methali. Bibi wa Ohio kaniponza na mimi."

Alicheka kidogo, Sivakami, mara ya kwanza siku ile.

Mchana ulijikokota. Saa nane, saa tisa, kimya. Saa kumi kimya. Sivakami alifunga mafaili kwa uangalifu wa ajabu, kama mtu anayefagia nyumba anayohama. Alianza hata kujishuku. Labda daktari aliutoa kweli. Labda ameharibu maisha yake kwa sababu ya paja la mzee wa miaka minane iliyopita, na kule Ohio bibi anakunywa chai yake shingo yake ikiwa nzima. Akaomba iwe hivyo. Akasema moyoni, Mungu, kama ni mimi mjinga, nifanye mjinga, lakini yeye awe mzima. Na maombi hayo aliyamaanisha, ijapokuwa yalimgharimu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Dinakaran alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Dada! Dada Sivakami! Njoo. Hapana, usije, kaa, nakuja mimi!"

Alikuja mbio na kompyuta yake ya mkononi, tai begani. Nyuma yake wakaja wengine, na nyuma ya wengine akaja mkaguzi Arokiasamy, aliyekuwa amepata nakala, anatembea kwa hatua zake zile zile.

"Soma," alisema mkaguzi.

Dinakaran akasoma. Bi Lorna Haskett aliandika kwamba baada ya kuwatukana alirudi kitandani, na hakulala. Maneno *mtu amtazame shingoni* yalimkalia kichwani. Saa kumi na mbili, asubuhi ya kwao, akaona heri apige simu kwenye ile nyumba ya wazee, wamcheke yaishe. Muuguzi wa zamu alimwambia bibi ni mzima, ana homa kidogo tu tangu juzi, wanadhani ni mafua. Akamwomba amtazame shingoni, upande wa kulia, chini ya nywele. Muuguzi akaenda. Akakawia. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema. Mpira umo. Ngozi imekuwa nyekundu na inauma. Daktari ameitwa, ameutoa mzima bila kukatika, bibi ameanza dawa, na daktari amesema wangengoja siku tatu nne zaidi wangekuwa wanazungumza mengine.

Hata wale wa ganzi ya uzazi upande wa pili walikuwa wamesimama.

"Malizia," alisema mkaguzi.

"*Naondoa malalamiko yangu,*" Dinakaran alisoma. "*Kuanzia leo, pampu ikitolewa na mpira usipoandikwa, tieni haraka. Niamsheni. Mgonjwa ameuliza ni nani aliyejua. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nina namba tu, mia nne kumi na saba. Naomba jina.*"

Yazhini alipiga kigelegele, na hapakuwa na wa kumzuia. Mtu alimpigapiga Sivakami mgongoni, palepale panapouma, naye hakuhisi chochote. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya sari, mabega yakitetemeka, na safari hii hakuhitaji kufungua bomba.

Arokiasamy alingoja kelele zitulie. "Malalamiko yameondolewa," alisema, "kwa hiyo hakuna kosa kuu. Lakini dakika arobaini ulizokaa kwenye faili moja ni kosa dogo, na kosa dogo linabaki. Una tisini na tano na nukta moja."

"Mkuu!" Dinakaran alishangaa. "Hata leo?"

"Hata leo. Siku kumi zimebaki. Tisini na tano na nukta moja inatosha, asipoteleza." Akamgeukia Sivakami. "Usiteleze."

"Sitateleza, mkuu."

"Lipo jingine. Jina." Alitoa karafuu mdomoni, akaifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Kila mtu pale aliijua kanuni: mteja hapewi jina la mwandika namba, hata iweje. Mkaguzi alikuwa ameisimamia miaka kumi na mmoja. Alichukua kompyuta kutoka mikononi mwa Dinakaran, akafungua jibu, akaiweka mbele ya Sivakami.

"Andika mwenyewe," alisema. "Barua itatoka kwangu. Wakiuliza, nimeivunja mimi."

Sivakami alifuta macho. Akaandika kwa vidole viwili, herufi moja moja, na Yazhini, aliyezoea kumhesabia kwa sauti akichelewa, alikaa kimya. *Sivakami Rajamanickam.* Akasita, akaongeza: *muuguzi.*

"Tutume?" aliuliza Dinakaran.

"Ngoja kwanza." Alisogeza kiti, akanyoosha mgongo, akaandika tena, sasa haraka kidogo: *Mwambieni bibi asilalie bega la kulia. Mto uwe chini ya mkono. Homa ikirudi aseme mapema, asione haya kuwasumbua.*